MAEGESHO YA MAGARI UFUKWENI: MSIMAMO WA TAWI KABLA YA MKUTANO MKUU WA KIJIJI

*Kwa:* Wanachama wote wa Tawi
*Kutoka:* Ofisi ya Katibu wa Tawi

Ndugu wanachama,

Taarifa hii ni ndefu kuliko tulivyozoea kuwatumia. Tunaomba isomwe hadi mwisho kabla ya kuanza kujibu, na mwanachama asiye na simu ya kusomea asomewe na jirani yake.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unaokuja utakuwa na ajenda ya magari yanayoegeshwa ufukweni. Maneno yamekuwa mengi vijiweni, mwaloni na kwenye makundi ya simu. Wapo wanaotaka geti lijengwe na wakala apewe kazi ya kutoza kila gari kila siku. Wapo wanaosema ufukwe ni wa Mungu, mgeni asitozwe hata senti. Kamati ya Tawi imekaa, imesikiliza pande zote mbili, imepiga hesabu, na imetoka na msimamo wa tatu.

Kwa kifupi ni huu: *Mchanga usiwe maegesho. Magari yawekwe uwanja wa nyuma. Tozo iwepo siku za msongamano tu, isiwe ya kila siku na isikabidhiwe kwa wakala. Na kila shilingi isomwe mbele ya wananchi.*

Sababu zetu ni hizi.

*1. KWA NINI JAMBO HILI LIMEKUJA SASA*

Tunakumbuka wote safari ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ilivyokuwa kabla ya lami. Masika gari lilikuwa linalala njiani, na mwenye gari dogo hakuthubutu kuja. Leo barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa zipatazo 66, ni lami. Mtu anatoka Mbinga asubuhi na familia yake, anakula samaki huku, anaogelea, na jioni yuko nyumbani kwake. Wa Songea naye anaweza kufanya hivyo hivyo.

Barabara hii ni kipande cha mwisho cha Ushoroba wa Mtwara, unaoanzia Bahari ya Hindi na kuishia hapa kwetu. Bandari ya Mbamba Bay nayo inajengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ili mizigo ya kwenda na kutoka Malawi na Msumbiji ipite huku. Meli ya MV Mbeya II inaleta abiria kutoka upande wa Kyela. Tangu Nyasa ikatwe kutoka Wilaya ya Mbinga na kuwa wilaya inayojitegemea, na Mbamba Bay kuwa makao makuu yake, magari ya ofisi pia yameongezeka.

Yote haya tuliyaomba kwa miaka mingi, hatuwezi kuyalalamikia leo. Lakini gari likija lazima lisimame mahali. Kama kijiji hakijapanga mahali, dereva atapanga mwenyewe, naye atachagua pale penye kivuli na karibu na maji. Hapo ndipo penye vichanja vya dagaa, mitumbwi na nyavu.

*2. NANI ANAUMIA*

Siku za Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idi tunaona magari yakishuka hadi kwenye mchanga. Kwa mgeni ule ni mchanga mtupu. Kwa mama anayeanika dagaa, mchanga ule na vichanja vilivyo juu yake ndiyo ofisi yake. Dagaa wanataka jua la siku nzima na sehemu safi. Gari likipita vumbi linaingia, likiegeshwa linaziba njia ya kubebea beseni kutoka kwenye mtumbwi, na likivuja oili sehemu ile haianikwi tena kitu. Mnunuzi kutoka Songea akikuta mchanga na harufu ya mafuta kwenye dagaa, anashusha bei au anaondoka. Hasara ya siku moja ya mama huyo hailipwi na soda mbili alizonunua mgeni.

Anayefuata ni mvuvi. Mtumbwi unahitaji njia ya kuvutwa, na boti likirudi na shehena halisubiri mtu atafutwe baani aje kuondoa gari lake.

La tatu ni ziwa lenyewe. Baadhi ya madereva wanaingiza gari majini mpaka nusu ya tairi na kuliosha pale pale. Ziwa Nyasa linatajwa duniani kote kwa wingi wa aina za samaki wake, na wengi wao huzalia kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufukwe. Sabuni na oili zinamwagwa kwenye kitalu cha samaki, na ni maji hayo hayo tunayochota kupikia.

La nne ni usalama. Watoto wanacheza mchangani na gari linarudi nyuma. Siku mgonjwa akizidiwa, au mtu akizama, gari la wagonjwa litapita wapi kama njia ya kushukia imezibwa na magari thelathini?

Kwa hiyo wanaosema tuache mambo yajiendee yenyewe kwa kuwa mgeni ni neema, tunawaheshimu lakini hatukubaliani nao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja na mwenyeji anafukuzwa kwenye kichanja chake.

*3. SHERIA INASEMA NINI*

Tumeona wanachama wakibishana kuhusu nani mwenye mamlaka, tukaona ni vema tuliweke sawa.

a) *Ukanda wa mita 60.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60 ni zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Anayependekeza kujenga maegesho ya kudumu, kibanda na geti juu ya mchanga anatupeleka kugombana na sheria hiyo. Tena ziwa letu hupanda na kushuka. Kinachojengwa ukingoni leo kinaweza kuwa majini baadaye.

b) *Barabara kuu.* Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay iko chini ya TANROADS. Hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kijiji hakina mamlaka ya kugawa maegesho wala kutoza ndani ya hifadhi hiyo.

c) *Barabara za ndani.* Hizi ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini.

d) *Eneo la bandari* lina mwenyewe, nayo ni TPA. *Maji ya ziwa* yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. *Mwalo* unasimamiwa kwa kushirikiana na kikundi chetu cha BMU.

e) *Kijiji.* Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaijadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Mpaka hatua zote zikamilike, hakuna tozo. Anayefunga kamba njiani na kudai elfu moja bila sheria ndogo na bila stakabadhi anaomba rushwa mchana kweupe, hata kama ni kijana wetu na hata kama ana kadi ya chama chetu.

Mnaona wenyewe kwamba eneo ambalo kijiji kinaweza kulipanga bila kugombana na mtu ni ardhi ya kijiji iliyo nyuma ya mita 60 na nje ya hifadhi ya barabara. Eneo hilo lipo, nanyi mnalijua. Hapo ndipo uwanja wa maegesho unapopaswa kuwa.

*4. HESABU*

Wanaotaka wakala wanasema kijiji kitapata fedha nyingi bila jasho. Tumechukua kalamu tukapiga hesabu. Namba za hapa chini ni za mfano, kwa sababu bado hakuna aliyehesabu magari. Mwenye namba zake aziweke, njia ya kukokotoa ni ile ile.

_Siku za sikukuu._ Tuseme kwa mwaka tuna siku 10 za msongamano mkubwa, kila siku magari 60, kila gari Sh 1,000.
10 × 60 × 1,000 = *Sh 600,000*

_Geti la kila siku._ Mlinzi mmoja analipwa Sh 5,000 kwa siku, mwaka mzima.
365 × 5,000 = *Sh 1,825,000*

Wakala ameahidi kijiji, tuseme, Sh 300,000 kwa mwaka. Ili asipate hasara, kabla hata ya faida yake, lazima akusanye:
1,825,000 + 300,000 = *Sh 2,125,000*

Ukitoa zile 600,000 za sikukuu, zinabaki *Sh 1,525,000* za kutafutwa kwenye siku 355 zilizobaki. Hiyo ni karibu Sh 4,300 kila siku, yaani magari manne hadi matano kwa siku, Jumatatu hadi Jumapili, mvua na jua.

Sasa tujiulize: Jumanne ya kawaida mwezi wa pili, ni nani anayeshuka ufukweni na chombo cha moto? Mtalii hayupo. Anayeshuka ni mnunuzi wa dagaa na pikapu yake, bodaboda aliyembeba mama na beseni, fundi wa mashine za boti, na mwenzetu aliyeleta kuni za kukaushia samaki. Hao ndio watakaolipa zile 4,300 kila siku, na mnunuzi wa dagaa akitozwa 1,000 getini hailipi yeye, anaikata kwenye bei ya mama. Wakala ataahidi kutoza wageni, lakini hesabu yake haiwezi kufunga bila kutoza wenyeji. Hatumshuku mtu kwa ubaya wa roho yake. Tunasema namba zenyewe zitamsukuma huko.

Sasa tazameni njia yetu. Tunatoza siku 10 tu za msongamano. Tunaweka vijana wanne wa kuelekeza magari, kila mmoja Sh 10,000 kwa siku.
10 × 4 × 10,000 = *Sh 400,000*
600,000 − 400,000 = *Sh 200,000*

Zinabaki laki mbili za usafi wa ufukwe na choo. Siyo fedha nyingi, na hatutawadanganya kwamba maegesho yatajenga zahanati. Faida kubwa ni kwamba vijana wanne wamepata kazi siku hizo, vichanja viko salama, njia ya gari la wagonjwa iko wazi, na siku 355 mwananchi hajasumbuliwa na mtu. Tozo hii ni chombo cha kuleta utaratibu. Anayetaka iwe mradi wa kuingiza fedha aende Mbinga mjini, ambako magari yanajaa sokoni, benki na stendi kila siku ya kazi. Huku kwetu magari yanajaa siku chache kwa mwaka.

*5. YALIYOTOKEA KWINGINE*

Mwaka 2021 TARURA ilipoanza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, deni liliandikwa kwenye namba ya gari na mwenye gari akatakiwa kulipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa upande wa hesabu jambo hilo lilikuwa zuri, kwa sababu fedha haipiti mkononi mwa mtu. Lakini malalamiko yalikuwa makubwa. Watu walikuta madeni wasiyoyajua na faini juu yake. Waziri wa TAMISEMI wakati huo, Ummy Mwalimu, akaagiza ukusanyaji usimamishwe kwa muda ili kasoro zishughulikiwe. Tunachojifunza ni mambo mawili. Kwanza, malipo ya namba ya kumbukumbu ni bora kuliko fedha taslimu. Pili, mlipaji lazima aelezwe *kabla* ya kuegesha: bei gani, saa ngapi, anapata huduma gani. Bango kubwa la Kiswahili linaondoa nusu ya ugomvi.

Mfano mwingine ni wa mbali. Mji wa Pasadena, California, Marekani, uliweka mita za maegesho kwenye mtaa wake wa zamani mwaka 1993. Wafanyabiashara waliogopa wateja watakimbia. Walikubali pale walipoahidiwa kwamba fedha itarudi kwenye mtaa ule ule, ikatengeneza njia za waenda kwa miguu, taa, miti na usafi. Mtaa ukapendeza, wateja wakaongezeka. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alilieleza jambo hili katika kitabu chake kikubwa kuhusu maegesho cha mwaka 2005. Kanuni yake ni rahisi: toza kiasi cha kutosha tu ili nafasi moja au mbili katika kila kumi zibaki wazi, na fedha irudi pale ilipokusanywa. Kama nafasi ziko wazi tayari, hakuna sababu ya kutoza. Sisi hatuna mita wala taa za mtaa, lakini kanuni hiyo inatufaa kabisa: *ufukwe wetu uko wazi siku nyingi za mwaka, kwa hiyo siku hizo usitozwe.*

*6. MAPENDEKEZO YA TAWI*

Tunawaomba wanachama waende mkutanoni na kuyatetea haya:

1️⃣ *Uwanja wa nyuma.* Halmashauri ya Kijiji itenge eneo la maegesho nyuma ya mita 60, nje ya hifadhi ya barabara. Lipimwe kwa kamba, liwekwe alama kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Hatuhitaji zege wala lami.

2️⃣ *Mchanga bila magari.* Mawe makubwa au magogo yawekwe kwenye njia za kushukia, ibaki njia moja tu ya dharura na ya kuvutia mitumbwi. Njia hiyo isiegeshwe gari la mtu yeyote, awe mgeni, diwani au kiongozi wa chama.

3️⃣ *Sehemu ya kupakia samaki.* Magari ya wanunuzi wa samaki na dagaa yawe na sehemu yao karibu na mwalo, bure, kwa muda wa kupakia tu. BMU ndiyo isimamie, kwa sababu ndiyo inayojua boti gani limeingia.

4️⃣ *Bodaboda na bajaji* zipewe kijiwe chao rasmi kwenye mlango wa uwanja, bure. Vijana hawa ndio watakaomshusha mzee au mlemavu mpaka karibu na maji. Gari lililobeba mtu mwenye ulemavu au mgonjwa lipewe nafasi ya karibu.

5️⃣ *Tozo ya siku za msongamano tu.* Siku zenyewe zitajwe ndani ya sheria ndogo na kubandikwa. Kiwango kiwe kimoja kwa gari dogo na kingine kwa kosta na basi. Pikipiki zisitozwe. Mwanakijiji mwenye gari asitozwe kijijini kwake.

6️⃣ *Hakuna fedha taslimu bila stakabadhi.* Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu au mashine ya kielektroniki ya Halmashauri ya Wilaya. Mgeni asiyepewa stakabadhi asilipe.

7️⃣ *Fedha irudi ufukweni.* Tuiombe Halmashauri ya Wilaya, kwenye uamuzi wa kuidhinisha sheria ndogo, iandike wazi sehemu ya kijiji, na sehemu hiyo itumike kwa vitu vitatu: vijana waelekezaji, usafi, na choo cha ufukweni.

8️⃣ *Taarifa kila mkutano.* Mkutano Mkuu wa Kijiji kisheria hukutana walau kila baada ya miezi mitatu. Kila mkutano usomewe: magari mangapi, stakabadhi namba ngapi hadi ngapi, kiasi gani kimeingia, kimetumika wapi. Ukurasa mmoja unatosha, na ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

9️⃣ *Malori.* Wanaopita barabara ya Songea hadi Mbinga wanajua malori ya makaa ya mawe yanavyojipanga pembeni mwa barabara. Bandari ikikamilika malori yatakuja na huku. Tuiombe Wilaya itenge eneo la malori mapema, mbali na shule na mwalo, kabla hayajazoea kulala mbele ya nyumba zetu.

*7. MAJIBU KWA HOJA MLIZOTULETEA*

_"Mgeni hatatembea mita 60 kwenye jua."_ Atatembea. Wengi wamependa kuja kwetu kwa sababu ufukwe ni msafi na watoto wanacheza bila hofu. Tena anayetembea anapita mbele ya mama muuza samaki, mihogo na matunda. Anayeegesha majini anafungua buti la gari lake na kula alichobeba kutoka Mbinga.

_"Kama mita 60 zinazuia magari, zitazuia na vichanja vyetu."_ Hofu hii ni ya kweli na tusiibeze. Sheria inalenga shughuli za kudumu na zile zinazoathiri hifadhi. Kichanja cha miti kinang'olewa na kuhamishwa siku moja. Hata hivyo tusikisie. Tunaomba Halmashauri ya Kijiji imwalike afisa uvuvi na afisa mazingira wa wilaya kwenye mkutano, waeleze mbele ya akina mama, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari.

_"Vijana wa kuelekeza magari watakuwa wa nani?"_ Swali zuri. Wasipangwe na tawi letu wala tawi la chama kingine. Majina yatoke vitongojini, yapitishwe na Halmashauri ya Kijiji, na wabadilishwe kwa zamu ili neema ienee.

_"Vikundi vyetu vitafaidika vipi?"_ Mapato ya ndani ya halmashauri yanatengewa asilimia 10 ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Akina mama wa dagaa na vijana wa ufukweni wajisajili kwenye vikundi rasmi sasa. Vichanja bora na majiko ya kisasa ya kukaushia samaki ni maombi yenye hoja kuliko kugombea kamba ya njiani.

_"Wakala yuko tayari leo, utaratibu wenu utachelewa."_ Ni kweli, sheria ndogo inachukua muda. Lakini mapendekezo namba 1 hadi 4 hayahitaji tozo hata moja. Mawe tunayo, chokaa siyo ghali, na mikono tunayo. Sikukuu ijayo tunaweza kuwa na mchanga usio na magari hata kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa.

*8. MAAGIZO KWA WANACHAMA*

a) Kila mwanachama mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mkazi wa kijiji, ahudhurie Mkutano Mkuu. Akina mama wa dagaa na wavuvi waliokesha ziwani wahudhurie hasa, maana ni mali yao inayojadiliwa. Viongozi wa mashina wapite nyumba kwa nyumba.

b) Tunahitaji namba halisi. Siku ya sikukuu ijayo, vijana wanane wajitolee kuhesabu magari mara tatu: saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 11 jioni. Waandike magari madogo, kosta, mabasi, malori na pikipiki, kila aina peke yake. Matokeo tutayakabidhi kwa Serikali ya Kijiji, na chama kingine kinachoyataka nacho kipewe.

c) Mwanachama yeyote, akiwemo kiongozi, anayetarajia kuomba uwakala au mwenye ndugu anayeomba, aseme wazi kabla ya mjadala na akae pembeni wakati wa kuamua.

d) Chama hakikusanyi ushuru. Hakuna mwanachama atakayesimama njiani na sare ya chama kudai fedha, wala atakayeonyesha kadi ili aegeshe bure. Atakayefanya hivyo tutamwita kwenye kikao.

e) Tusitukane wenye mawazo tofauti. Wanaotaka wakala wanataka kijiji kipate mapato, na wanaotaka bure wanataka wageni waendelee kuja. Twendeni na hesabu, tuwaonyeshe, na wao wakituonyesha hesabu bora kuliko hii tutaichukua.

Ndugu wanachama, lami imeshafika na bandari inakuja. Magari yataongezeka tukipenda tusipende. Mwaka huu bado tunaweza kupanga mahali pa kusimama gari kwa mawe na chokaa. Tukichelewa, kila kivuli kitakuwa na mwenyewe, kila njia itakuwa na kamba yake, na kuwaondoa itakuwa kesi. Mama wa dagaa hatakuwa na nauli ya kwenda na kurudi mahakamani kudai kichanja chake.

Tukutane mkutanoni. Mfike mapema, mkae mbele, msome sheria ndogo ikisomwa, na mnyooshe mikono.



*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi

_Tafadhali mfikishie na mwanachama ambaye hapokei taarifa hizi. Maswali yaletwe ofisi ya tawi, jioni baada ya kazi._